Uzito Ukabidhiwe Magurudumu

Ndege ikigusa ardhi bila abiria kuhisi chochote, makofi hulipuka na rubani husifiwa kwa mikono yake ya dhahabu. Ikigusa kwa kishindo, watu hutazamana, mmoja huuliza kwa sauti huyu alisomea wapi, na kisa hicho husimuliwa mpaka nyumbani. Hukumu hii imeenea kiasi kwamba hakuna anayeihoji. Huitoa mfanyabiashara anayeruka kila wiki, huitoa hujaji anayepanda ndege mara moja maishani. Nami nasema ni hukumu potofu, na upotofu wake haukomei kwenye kumwonea rubani aliyefanya kazi yake sawasawa. Tunamsifu mtu kwa jambo ambalo, kwenye barabara ya kurukia iliyolowa au iliyo fupi, ndilo linaloweza kutuua.

Hoja yote iko kwenye uzito, basi tuanze hapo.

Angani uzito wa ndege umebebwa na mabawa. Bawa likipita hewani kwa kasi ya kutosha, nalo limeelekezwa kwa pembe inayofaa, huisukuma hewa chini, na hewa hulisukuma bawa juu. Ndege isiyopanda wala kushuka ina nguvu ya kuinua iliyo sawa na mvutano wa dunia, na hata inaposhuka kwa utulivu kuelekea uwanjani mizani hiyo hubaki karibu ilivyokuwa. Wengi hudhani kwamba matairi yakishagusa lami, kuruka kumekwisha, mabawa yamepumzika na uzito umejishukia wenyewe. Sivyo. Kwenye sekunde ile ya kugusa, ndege bado inaruka. Ya ukubwa wa Boeing 737 au Airbus A320 huwa na kasi ya takriban kilomita 260 kwa saa, na kwa kasi hiyo mabawa yanaendelea kubeba karibu uzito wote. Magurudumu yamegusa tu. Mzigo hayajapewa.

Na gurudumu lisilo na mzigo ni kama halina breki. Msuguano kati ya tairi na lami hutegemea nguvu inayolikandamiza tairi chini. Nguvu hiyo ikiwa ndogo, msuguano ni mdogo, hata breki ziwe za ubora gani. Rubani anaweza kuzikanyaga kwa miguu yote miwili, lakini ikiwa tani 60 za ndege bado zinaning'inia kwenye mabawa, tairi litateleza tu. Kwa hiyo kutua, tukilitazama kwa macho ya fizikia, ni makabidhiano ya uzito: mabawa yauachie, magurudumu yaupokee. Hamali anayelishusha gunia kutoka mgongoni kwenda mkokotenini anajua hatari iko katikati, gunia likiwa nusu huku na nusu kule, na hatafuti namna ya kukirefusha kitambo hicho. Rubani anayewinda makofi anakirefusha.

Tazama anavyokirefusha. Ndege ya abiria huja kwa mteremko wa nyuzi 3, ambao kwa kasi niliyotaja ni kushuka zaidi kidogo ya mita tatu na nusu kwa kila sekunde. Ikikaribia ardhi, rubani huinua pua kiasi na kupunguza msukumo wa injini ili ushukaji upungue. Mpaka hapo yuko sahihi. Asipofanya hivyo, ataipiga miguu ya ndege kwa nguvu kubwa kuliko iliyotengenezewa. Kosa huanza pale anapoendelea kuishikilia, ndege ikielea kimo cha goti juu ya lami, yeye akingojea mguso usiohisika. Hewa yenyewe humshawishi. Ndege ikiwa chini kiasi hicho, ukinzani unaotokana na kazi ya mabawa ya kuinua hupungua, na ndege huteleza mbele kana kwamba haitaki kushuka. Akiwa amekuja na kasi ya ziada, itaelea zaidi.

Kilomita 260 kwa saa ni mita 72 kwa sekunde. Sekunde tano za kuelea zimekwenda na mita 360 za barabara, na hakuna chombo ndani ya ndege kinachoweza kuzirudisha. Kwenye uwanja wa Wilson, Nairobi, barabara za kurukia hazifiki mita 1,600. Hata ndege ya propela inayotua taratibu zaidi, tuseme mita 50 kwa sekunde, ikielea sekunde hizo hizo tano itakuwa imemeza mita 250, karibu sehemu moja ya sita ya barabara yote. Ndiyo maana marubani wa ndege kubwa hufundishwa kwamba magurudumu yaguse ndani ya theluthi ya kwanza ya barabara au ndani ya mita 900 za mwanzo, kutegemea ipi ni fupi, na ikishindikana wapae tena. Hakuna mahali mafunzo hayo yanapotaka abiria asihisi kitu.

Hapa mtetezi wa ulaini huniambia: kishindo ni nguvu, nguvu huvunja, kwa hiyo kishindo kidogo ni usalama zaidi. Inasikika kama busara ya kawaida. Tuipime. Nishati ya mwendo hukua kwa kipeo cha pili cha kasi. Ndege inayogusa ardhi huku ikishuka mita moja kwa sekunde, mguso ambao abiria atauhisi vizuri na pengine kuulalamikia, inakwenda mbele kwa mita 72 kwa sekunde. Linganisha nishati hizo mbili: ile ya kushuka ni chini ya sehemu moja ya elfu tano ya ile ya kwenda mbele. Narudia, sehemu moja ya elfu tano. Abiria anaogopa chembe na kulipigia makofi lundo. Ile chembe humezwa mara moja na miguu ya ndege, ambayo viwango vya kimataifa huitaka ihimili kushuka kwa takriban mita tatu kwa sekunde ndege ikiwa na uzito wake mkubwa kabisa wa kutulia, yaani mara tatu ya kasi ya kushuka anayoilalamikia. Lile lundo halina wa kulimeza ila breki, ukinzani wa hewa na injini zinazogeuzwa kusukuma kinyume, na vyote hivyo vinahitaji mita za barabara ambazo ulaini umekwisha kuzila.

Kuna jambo la pili ambalo wasifuo ulaini hawalijui, nalo ni zito zaidi. Juu ya kila bawa yako mabamba ambayo marubani huyaita spoila. Ndege ikishatua, mabamba hayo husimama na kuuvuruga mkondo wa hewa juu ya bawa, nguvu ya kuinua inaporomoka, na uzito unahamia magurudumuni. Kwenye ndege nyingi za kisasa husimama yenyewe. Lakini mashine lazima ijue kwanza kwamba ndege imefika chini, maana mabamba hayo yakisimama hewani, mita chache juu ya ardhi, ni maafa. Hujuaje? Kwa vihisio vya kwenye miguu ya ndege, vinavyotambua kwamba miguu imebonyea, au kwa magurudumu kuzunguka kwa kasi fulani. Iguse ndege kwa upole kupita kiasi, miguu isibonyee, nayo mashine itaamini bado mko angani.

Tarehe 14 Septemba 1993, Airbus A320 ya Lufthansa, safari namba 2904 kutoka Frankfurt, ilitua Warsaw wakati wa mvua. Marubani walikuwa wameonywa kuhusu upepo unaobadilika, wakaongeza kasi na kulaza upande wa kulia ili kukabili upepo wa ubavuni waliotarajia. Upepo huo haukuwa tena wa ubavuni, ulikuwa umegeuka na kuwasukuma kutoka nyuma. Mguu wa kulia uligusa mita 770 baada ya mwanzo wa barabara. Wa kushoto haukupata mzigo mpaka sekunde tisa baadaye, wakati mita 1,525 za barabara yenye urefu wa mita 2,800 zilikuwa zimekwisha kupita. Mfumo wa ndege hiyo ulitaka kila mguu ubebe takriban tani 6.3 kabla ya kukubali kwamba ndege iko chini. Kwa sekunde hizo tisa marubani hawakuwa na spoila wala msukumo wa kinyume, na magurudumu yaliteleza juu ya maji. Ndege ilitoka mwisho wa barabara, ikagonga tuta na kushika moto. Kati ya watu 70, wawili walikufa, rubani mmoja na abiria mmoja.

Marubani wale hawakuwa wakitafuta sifa, na sitawasingizia. Lakini fizikia haiulizi nia. Kwa sababu zao, mguso ulikuwa mwepesi. Mguso mwepesi uliinyima ndege habari kwamba imefika. Na ndege isiyojua kwamba imefika haiwezi kujisimamisha. Baada ya ajali, tani 6.3 zilipunguzwa hadi mbili kwa ndege za shirika hilo. Hayo ni marekebisho mema, ila hayafuti kanuni. Popote kizingiti kitakapowekwa, mtu anayegusa ardhi kama anayegusa yai atakuwa anacheza ukingoni mwake.

Tarehe 1 Juni 1999, Little Rock, Marekani. Ndege aina ya MD-82 ya American Airlines, safari namba 1420, ilitua usiku katikati ya dhoruba ya radi. Safari hii spoila hazikusimama kwa sababu hazikuwa zimetegwa, na hakuna aliyezisimamisha kwa mkono. Wachunguzi walikokotoa kwamba kama zingesimama, magurudumu yangebeba takriban asilimia 65 ya uzito wa ndege. Bila hizo, yalibeba takriban asilimia 15. Ndege ileile, breki zilezile, rubani yuleyule mwenye kanyagio mguuni, na asilimia 85 ya uzito bado iko mabawani. Walitoka mwisho wa barabara. Watu 11 walikufa, nahodha akiwemo. Simtaji kama mfano wa kutua kwa ulaini, maana kosa lake lilikuwa jingine. Namtaja kwa sababu namba hizo mbili, 65 na 15, zinaonyesha kinachopotea kila sekunde ambayo uzito haujakabidhiwa, sababu iwe yoyote ile.

Na maji je? Pwani yetu wakati wa masika, au Entebbe mvua ya ziwani inapomwagika alasiri, lami hufunikwa na maji kabla hayajapata pa kwenda. Tairi linalokwenda kwa kasi juu ya maji hayo linaweza kushindwa kuyasukuma pembeni. Hupanda juu yake na kuelea. Watafiti wa NASA walionyesha katika miaka ya 1960 kwamba kasi ya kuelea hutegemea presha ya tairi. Tairi la ndege kama 737 lina presha inayokaribia mara sita au saba ya ile ya gari dogo, kwa hiyo likiwa linazunguka halitaelea mpaka kasi ifike kama kilomita 235 kwa saa. Lakini wakati wa kugusa tairi halizunguki. Limetoka angani likiwa limesimama. Tairi lisilozunguka huelea kwa kasi ndogo zaidi, kama kilomita 200 kwa saa, maana yake likishushwa polepole juu ya utando wa maji linaweza kuteleza sekunde kadhaa bila kuanza kuzunguka kabisa. Breki haziwezi kulishika gurudumu lisilozunguka, na mfumo unaosubiri gurudumu lizunguke utaendelea kusubiri. Dawa yake ni ile isiyopendwa na abiria: shusha ndege kwa uthabiti, tairi lipasue maji, lishike lami, lianze kuzunguka. Ukisikia kishindo wakati vioo vya madirisha vinatiririka maji, aliyeko mbele amekufanyia hisani.

Najua jibu linalokuja. Mbona kuna ndege zilizovunjika kwa kutua kwa nguvu? Zipo, na sizifichi. Tarehe 5 Mei 2019, kwenye uwanja wa Sheremetyevo, Moscow, ndege ya Aeroflot aina ya Superjet 100 iligusa, ikaruka, ikagusa tena, ikaruka tena, miguu ikavunjika na moto ukazuka. Kati ya watu 78 walikufa 41. Machi 2009 huko Narita, Japani, ndege ya mizigo ya FedEx aina ya MD-11 ilidunda namna hiyo hiyo na kupinduka, marubani wake wawili wakafa. Lakini angalia kilichotokea. Ndege hizo hazikukabidhi uzito, zilirudi angani. Kudunda ni makabidhiano yaliyovunjika, na yaliyofuata yalitokana na kupambana na ndege iliyokuwa imerudi juu bila kasi wala mpangilio. Sijawahi kumtetea rubani anayeibamiza ndege. Kati ya kubamiza na kupapasa kuna nafasi pana, na ndani ya nafasi hiyo ndimo anamokaa rubani mwenye ujuzi: mguso mmoja, mahali palipokusudiwa, unaobaki chini.

Jibu jingine lina nguvu zaidi na linastahili heshima. Barabara ikiwa kavu, ndefu, na ndege ni nyepesi, ulaini unamdhuru nani? Kwenye uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, pana barabara ya mita 3,000. Ndege ndogo ya propela inaweza kuelea itakavyo na bado ikabakiwa na nusu ya barabara. Kwa siku hiyo moja, kweli, haumdhuru mtu. Tatizo ni kwamba mikono ya binadamu hujifunza kwa sifa. Rubani anayepigiwa makofi kila anapoelea siku ya jua, na kununiwa kila anapogusa kwa uthabiti, anafundishwa na abiria wake. Halafu siku ya mvua, upepo ukimsukuma kutoka nyuma, tunataka mikono hiyo isahau yote iliyofundishwa. Na hata siku ya jua kuna gharama: anayeendelea kuinua pua ili kurefusha kuelea anauinamisha mkia kuelekea lami, na mikia iliyokwaruzwa kwa namna hiyo si hadithi za kubuni.

Nairobi inastahili kutajwa peke yake. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, kwa hiyo bawa linahitaji kupita kwa kasi kubwa zaidi ili libebe uzito uleule. Kipima mwendo mbele ya rubani kitaonyesha namba ileile anayoiona Mombasa, lakini kasi halisi juu ya lami imezidi kwa kama asilimia 8, na nishati ya kusimamisha imezidi kwa kama asilimia 17. Hakuna abiria anayeihisi tofauti hiyo kitini. Barabara ya pale inazidi mita 4,000, na hewa hiyo nyepesi ni sababu mojawapo. Anayetoka pwani akadhani atautua mwili uleule wa chuma kwa ulaini uleule na kwa mita zilezile, anajidanganya.

Marubani wa ndege ndogo za porini, wale wa Caravan zinazoshuka Serengeti na Maasai Mara kwenye viwanja vya murami, wamelijua hili muda mrefu. Huchagua mahali, huja kwa kasi iliyopimwa, hugusa pale pale walipochagua na kuanza kusimama. Kishindo huwa kipo na wageni wa hoteli hushtuka. Ila hakuna mita ya kuchezea, wala nafasi ya kumpendeza mtu.

Kwa nini basi imani hii haifi? Kwa sababu abiria amepewa kipimo kimoja tu, nacho ni kiti chake. Haoni kasi, haoni barabara ilianza wapi, haoni imebaki kiasi gani. Tarehe 22 Mei 2010 ndege ya Air India Express iliyotoka Dubai iligusa Mangalore ikiwa imekwisha kupita karibu mita 1,600 za barabara yenye urefu wa mita 2,450. Kilichowaua watu 158 hakikuwa kishindo cha kugusa. Ilikuwa ndege iliyokuja juu mno, ambayo ilipaswa kupaa tena, na barabara iliyokwisha ukingoni mwa bonde. Waliokaa nyuma hawakuwa na njia ya kuzihesabu mita hizo 1,600.

Wewe unaweza, angalau kidogo. Kaa dirishani nyuma ya bawa. Alama nyeupe za mwanzo wa barabara zikipita chini yako, anza kuhesabu sekunde. Zikizidi kumi kabla ya kugusa, usipige makofi. Ndege ikigusa, tazama juu ya bawa: mabamba yasimame mara moja. Yakisimama, uzito uko njiani kwenda magurudumuni, na kilichokutikisa kitini hakina umuhimu wowote. Na rubani akiamua kupaa tena badala ya kulazimisha, usinung'unike kwamba amekuchelewesha. Huyo ndiye aliyekataa kununua ulaini kwa mita ambazo hakuwa nazo.

Kwa mashirika ya ndege ninalo dai moja. Kinasa data cha kila ndege kubwa hurekodi mtikisiko wa kugusa, na rubani aliyegusa kwa nguvu huitwa ofisini kujieleza, jambo ambalo ni haki ikiwa mguso umevuka kipimo. Kinasa hicho hicho kinajua ndege iligusa wapi, spoila zilisimama baada ya sekunde ngapi, na barabara ilibakiwa na mita ngapi uzito ulipofika magurudumuni. Rubani aliyegusa mita 1,200 mbele kwa ulaini wa pamba aitwe ofisi ile ile, kwa uzito uleule, hata kama abiria wake walishuka wakimshukuru mlangoni.